Shajara ya Mradi: Chevrolet Bel Air ya 1957 kwa Kipimo cha 1:25

12 Oktoba

Leo nimefungua boksi la modeli ya Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, ile ya milango miwili isiyo na nguzo ya kati, ambalo lilikuwa juu ya kabati tangu niliporudi kutoka Barabara ya Woodward mwezi Agosti. Msomaji asiyeifahamu Michigan ajue kwamba kila Jumamosi ya tatu ya Agosti maelfu ya magari ya zamani hupita katika barabara hiyo, kuanzia viunga vya kaskazini vya Detroit hadi mji wa Pontiac, na wenyewe huyaegesha kando ili watu wayatazame. Nilisimama kwa karibu nusu saa ubavuni mwa Bel Air moja ya buluu iliyopauka yenye paa jeupe, na mwenye gari, mzee mmoja mkarimu, akaniruhusu kuipiga picha hadi uvunguni. Picha hizo 41 nimezichapisha na kuzibandika ukutani juu ya meza ya kazi, na nimekusudia kuziamini kuliko karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi.

Gari halisi lina urefu wa mita 5.08, na kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni mita 2.92. Likipunguzwa mara 25, modeli inapaswa kuwa na milimita 203 na milimita 117, na nilipoiwekea rula nimeona kwamba waliochonga umbo lake walifanya kazi ya uaminifu. Kipimo hiki cha 1:25 kina asili yake katika biashara ya magari yenyewe. Kampuni kama AMT, iliyoanzishwa mwaka 1948 katika eneo la Detroit, ilikuwa ikitengeneza magari madogo ya plastiki kwa ajili ya wauzaji wa magari, ili mteja aone umbo la gari jipya, kisha mwaka 1958 ikaanza kuyauza yakiwa vipande vya kuunga nyumbani. Kampuni nyingine, mfano wa Monogram ya Chicago, zilipendelea 1:24, kwa kuwa hapo futi moja ya gari inakuwa nusu inchi kamili ya modeli. Tofauti ni ndogo, lakini ukiyaweka magari mawili ya vipimo hivyo kwenye rafu moja, jicho huiona mara moja.

Boksi lina vipande vya kujenga gari la mashindano pia. Mimi nitajenga gari kama lilivyotoka kiwandani, rangi ya Larkspur Blue na paa la India Ivory, na injini ya V8, yaani ya silinda nane.

19 Oktoba

Nimeosha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kwenye ukungu wa chuma ikiwa na mafuta ambayo rangi haishiki juu yake. Baada ya kukauka nimeanza kukata vipande kutoka kwenye fremu zinazovishikilia, si vyote, bali vile tu nitakavyovihitaji kwa injini na chasisi, maana kipande kisicho na fremu wala namba ni rahisi kupotea na ni vigumu kukitambua.

Bodi ina mistari iliyoachwa na ukungu huo, inayopita juu ya mapezi ya nyuma na kwenye kingo za paa, na nimeikwangua kwa mgongo wa kisu kabla ya kupitisha msasa wa 400 na kisha wa 600. Kwenye boneti palikuwa na vishimo viwili vya plastiki iliyonywea wakati wa kupoa. Nimevijaza puti na kuviacha hadi kesho. Chasisi nayo imepinda kiasi kwamba gurudumu moja kati ya manne lisingegusa meza. Nimeitumbukiza katika maji ya moto yasiyochemka, nikaibana kwenye kipande cha kioo kwa vibanio vya nguo hadi ikapoa, nayo imenyooka.

2 Novemba

Injini. Hapa nimetumia siku sita, na sijutii hata moja.

V8 ndogo ya Chevrolet ilianza mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa inchi za mchemraba 265, na mwaka 1957 ikapatikana ile ya 283, yaani lita 4.6. Ile yenye mfumo wa kunyunyizia mafuta badala ya kabureta ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 283, moja kwa kila inchi ya ujazo, na matangazo ya Chevrolet hayakuacha jambo hilo lipite kimya. Gari nililolipiga picha halikuwa na mfumo huo. Lilikuwa na kabureta ya kawaida yenye midomo minne, nami nimelifuata.

Nimeunganisha nusu mbili za injini kwa gundi nyepesi inayoyeyusha plastiki, nikaliondoa ungio kwa msasa, kisha nikapuliza rangi ya chungwa. Giaboksi nimeipaka rangi ya alumini iliyofifia. Baada ya hapo nikaingia kwenye nyaya za plagi, ambazo boksi halikuzitoa. Waya halisi una unene wa milimita 7 hivi, kwa hiyo waya wa modeli unapaswa kuwa wa milimita 0.28; nilichokuwa nacho ni waya mwembamba wa shaba uliovikwa plastiki nyeusi, nilioutoa kwenye vipokea sauti vya masikioni vilivyokufa, nao ulikuwa wa milimita 0.3. Nimetoboa matundu tisa kwenye kofia ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kwa keekee ya kuzungushwa kwa vidole, manane ya plagi na moja la katikati la koili.

Mpangilio wa kuwaka kwa injini hii ni 1-8-4-3-6-5-7-2, silinda zenye namba witiri zikiwa upande wa dereva na zenye namba shufwa upande wa pili. Nimeufuata mpangilio huo waya kwa waya, ingawa sehemu kubwa ya nyaya itafichwa na ekzosi na kichujio cha hewa, na hakuna mtu atakayeuhakiki isipokuwa mimi. Binti yangu ameniuliza, kwa haki kabisa, kama injini itawaka.

9 Novemba

Chasisi, ekzosi, springi na shokamzoba vimepakwa na kuungwa. Nyeusi ya kung'aa nusu kwa chasisi, rangi ya chuma kwa ekzosi. Magurudumu manne yanagusa meza.

23 Novemba

Nimepuliza rangi ya bodi na nimeiharibu.

Naandika jinsi ilivyotokea, kwa sababu makosa yalikuwa mawili na yalisaidiana. La kwanza ni baridi. Gereji yetu haina joto, na nje kulikuwa na nyuzi 3 za Selsiasi. Kopo la kupuliza likiwa baridi, shinikizo la gesi ndani yake hupungua, rangi hutoka kwa matone makubwa badala ya ukungu, na matone hayo huwa mazito mno kujitandaza, yakiacha uso wenye vinundu kama ganda la chungwa. Nilipoviona vinundu hivyo ndipo nikafanya kosa la pili, nalo ni kuongeza rangi nikitumaini kwamba mkupuo mnene ungeyeyusha vinundu na kuvilaza. Kweli vililala, lakini pamoja navyo ikazama michirizi ya milango, ikazama alama tatu za mshazari zilizo kwenye madigadi ya mbele, na jina "Chevrolet" lililochongwa juu ya boneti likageuka kuwa kama kovu lililopona.

Usiku nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Rangi ya gari halisi, pamoja na msingi wake, ina unene wa takriban milimita 0.1. Ningetaka kuipunguza mara 25, ningehitaji rangi ya milimita 0.004, jambo lisilowezekana kwa kopo wala kwa brashi ya hewa, ile kalamu ya kupulizia rangi. Lakini ukigeuza hesabu inatisha zaidi: rangi ya milimita 0.1 juu ya modeli ni sawa na rangi ya milimita 2.5 juu ya gari lenyewe. Nimelivika gari langu koti la mpira. Plastiki imepunguzwa mara 25, kioo kimepunguzwa, hata waya wa plagi nimeuhangaikia; kitu pekee kisichokubali kupunguzwa ni rangi, na ndicho kitu cha kwanza ambacho mtazamaji hukiona.

27 Novemba

Bodi na boneti zimelala siku mbili katika ndoo ndogo yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 91, ikiwa imefunikwa na kuwekwa mbali na jiko. Leo nimesugua kwa mswaki mzee na rangi imetoka vipande vipande. Kwenye mitaro ya milango nimeifuata kwa kijiti cha meno. Plastiki haikudhurika, ila puti ya boneti imeng'oka na itabidi irudiwe.

Kabla ya kupuliza tena, nimechora upya michirizi ya milango na ya buti kwa ncha ya sindano, nikiipitia taratibu mara tano au sita badala ya kukata kwa nguvu mara moja. Mchirizi ulioongezwa kina kidogo hustahimili rangi. Ule wa kiwandani hujaa.

14 Desemba

Praima ya kijivu imepulizwa kwa mikupuo mitatu myepesi, na nimeisugua kwa msasa wa 1000 wenye maji. Mafundi wa rangi niliowajua utotoni kule Gerezani, Dar es Salaam, waliweza kupitisha kiganja juu ya mlango uliopigwa puti na kutaja, huku wakitazama pembeni, mahali palipobakia bonde. Nimejaribu kufanya hivyo kwa ncha ya kidole juu ya boneti yenye urefu usiofika sentimita 6, na nimepata bonde moja.

Sasa jambo ambalo nililisoma zamani lakini sikuwahi kulijaribu. Maandishi madogo yaliyochongwa kwenye bodi ni vigumu kuyavika metali baada ya rangi, kwa sababu rangi huwa imekwisha kuyazamisha. Dawa yake ni kuivika metali kwanza. Nimebandika foili nyembamba yenye gundi juu ya jina "Chevrolet" la boneti na la buti, na juu ya zile alama tatu za pembeni, nikaisugua kwa kijiti cha mbao laini hadi kila herufi ikasimama, kisha nikakata ziada kwa wembe mpya. Rangi itapita juu ya foili. Ikikauka, itafutwa kwenye migongo ya herufi tu na metali itaonekana, huku rangi ikibaki mabondeni.

Binti yangu amepita na kusema, "Baba, mbona gari lako umelifunga foili kama samaki wa kuchoma?"

22 Desemba

Rangi ya pili, na safari hii nimeifanyia chumba cha chini cha nyumba, dirisha wazi, feni ikitoa hewa nje na barakoa ya kemikali usoni, katika nyuzi 20. Makopo yalikaa dakika kumi katika bakuli la maji ya bomba ya uvuguvugu, kamwe si karibu na moto. Nimeanza na nyeupe ya paa, kwa kuwa ni rahisi kufunika nyeupe kwa buluu kuliko buluu kwa nyeupe. Mikupuo miwili kama ukungu, dakika kumi na tano kati yake, kisha mmoja wenye unyevu kiasi.

29 Desemba

Paa limefunikwa kwa utepe mwembamba wa kuzibia, nao nimeukata upya kwa wembe juu ya kioo ili ukingo wake uwe safi, kwa sababu ukingo wa utepe uliotoka dukani huwa na vumbi na nyuzi. Kabla ya buluu nimepuliza ukungu mmoja wa nyeupe juu ya ukingo huo, ili kama kuna upenyo, upenywe na rangi ileile iliyo chini. Buluu imefuata kwa mikupuo mitatu. Nilipoubandua utepe, mstari ulikuwa mnyoofu isipokuwa milimita mbili karibu na kioo cha nyuma, mahali ambapo ukanda wa kromu utapita juu yake.

Baada ya saa moja nimefunga kitambaa cha pamba kwenye ncha ya kijiti, nikakilowesha thina kidogo sana, nikapitisha juu ya jina la boneti. Herufi ya kwanza haikutokea. Nikapitisha mara ya nne, ya tano, na C ikang'aa, kisha h, kisha jina zima. Sijui kama nimewahi kufurahia neno moja kiasi hicho.

18 Januari

Nimeisubiri rangi wiki tatu. Kipimo changu ni pua: bodi ikiwa bado inanuka, haijakauka, hata kama kidole hakiachi alama. Leo haikunuka. Nimesugua vinundu vichache kwa vitambaa vya kung'arishia vyenye maji, kuanzia namba 3200 hadi 12000, nikiepuka kingo na migongo ya mapezi, ambako rangi ni nyembamba kuliko mahali pengine na plastiki hutokeza bila kutoa onyo. Sikupuliza vanishi ya kung'aa juu yake, ingawa wengi hupuliza. Baada ya ile hesabu ya Novemba sina hamu ya kuongeza tabaka lingine.

1 Februari

Kazi ya wiki hizi mbili ni metali, na hapa ndipo Bel Air hutofautiana na ndugu zake. Chevrolet ya daraja la kati ya mwaka huo, Two-Ten, ingeweza kupakwa rangi ya paa katika ile kabari ndefu iliyo ubavuni kuelekea pezi la nyuma. Bel Air haikupakwa: kabari yake ilijazwa bamba la alumini lenye mifuo myembamba, na grili, jina na zile alama tatu zikatiwa rangi ya dhahabu. Nimeona modeli nyingi nzuri za Bel Air zenye kabari nyeupe, na kila nikiziona huona gari lililovaa koti la mwenzake.

Sasa, alumini ile haina mng'ao wa kromu. Ukanda unaoizunguka unang'aa kama kioo, bamba lenyewe limetulia. Kwa hiyo nimetumia foili mbili tofauti, moja iliyofifia kwa bamba na moja angavu kwa ukanda, na kuisugua ile ya kwanza ndani ya mifuo kwa kijiti kilichochongwa kama patasi. Upande wa kulia umenichukua jioni moja, wa kushoto jioni tatu, kwa sababu foili ilichanika mara mbili palepale penye jina "Bel Air". Jina hilo na zile alama nimezipitishia rangi ya njano inayopenyeza mwanga, iliyochanganywa na tone la chungwa, na fedha imegeuka dhahabu.

Bampa na grili zilikuja zikiwa na kromu ya kiwandani, ambayo kwa hakika ni utando wa alumini uliopulizwa katika ombwe. Ilikuwa angavu mno, na mstari wa ukungu ulipita katikati ya bampa ya mbele. Nimezitumbukiza kwenye jiki na utando ukaondoka kwa chini ya nusu saa. Nikauondoa mstari kwa msasa, nikapaka nyeusi ya kung'aa, na juu yake laka ya metali kwa brashi ya hewa. Matokeo yamepoa kidogo kuliko kromu ya boksi, na kwa ukubwa huu yanaonekana kuwa ya kweli zaidi. Grili imepata dhahabu na wino mweusi uliozimuliwa katika matundu yake.

Kazi ya kromu ilinichelewesha zaidi kwenye nyumba za taa za mbele. Mwaka 1957 matundu ya kuingiza hewa ndani ya gari yalihamishiwa hapo, juu ya taa, na ndiyo yaliyolipa gari hili uso wake. Kila nyumba ina wavu mdogo ambao kwenye modeli ni mistari tu iliyochongwa, nami nimeijaza wino kwa brashi yenye unywele mmoja.

15 Februari

Ndani ya gari: viti vya buluu na nyeusi, zulia la unga wa nyuzi uliomwagwa juu ya gundi mbichi, saa tatu za duara za dashibodi zilizopakwa chini ya kioo cha kukuzia. Nimepita haraka, kwa kuwa milango haifunguki na paa litaficha mengi.

Matairi yana ukanda mweupe mpana. Nimesugua sehemu inayokanyaga barabara kwa msasa ili kuua mng'ao wa plastiki. Rimu za mwaka huo zilipunguzwa kutoka inchi 15 hadi 14 ili gari lionekane fupi kwenda juu. Bodi ilikuwa ileile ya msingi ya tangu 1955, na wabunifu walilazimika kutafuta kila hila ya kuifanya ionekane mpya. Haikutosha kwa soko, maana Ford iliishinda Chevrolet kwa uzalishaji wa modeli za mwaka huo. Leo watu husimama barabarani Woodward kwa ajili ya lililoshindwa.

1 Machi

Bodi imekaa juu ya chasisi. Ilikataa mara ya kwanza, kwa kuwa nyaya zangu za plagi zilikuwa zimeinuka nyuma ya kichujio cha hewa na kugusa ukuta wa injini. Nimezilaza kwa kibano. Waya wa silinda ya 7 umechomoka na kurudishwa.

8 Machi

Wipa, kioo cha kujitazamia, taa za nyuma zilizopakwa nyekundu inayopenya, na vile virungu viwili vya boneti vyenye umbo la roketi. Bampa ya mbele ilihitaji kusogezwa nusu milimita kushoto kabla gundi haijashika.

Kitu cha mwisho kilikuwa mchirizi mdogo nyuma ya pezi la kushoto. Katika gari halisi, sehemu hiyo ya pambo hufunguka na ndani yake kuna mdomo wa kujazia mafuta, na mzee wa Woodward alinifungulia kwa kidole kimoja huku akicheka, kwa sababu nilikuwa nimelizunguka gari zima nikiutafuta. Modeli haikuwa na alama yoyote hapo. Nimeuchora kwa sindano juu ya foili, milimita 4 tu, kisha nikaliweka gari kwenye rafu, ubavu wa kushoto ukitazama chumbani.